Shukrani kazini: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya yametoka kwa wasimamizi na wafanyakazi wa Nakuru, Naivasha, Kisumu, Kakamega na Vihiga, nchini Kenya. Wako wa hospitalini, hotelini, shuleni, kwenye gereji na kwenye mashamba ya maua. Yanayojirudia sana nimeyajibu kwa urefu, mepesi nimeyapitia haraka.

Mtu analipwa mshahara kila mwezi. Kwa nini tena ashukuriwe?

Mshahara unalipia kazi iliyoandikwa kwenye mkataba, lakini hakuna mahali pa kazi panapoendeshwa na mkataba peke yake. Mpokezi wa hoteli humtafutia mgeni dawa usiku wa manane. Fundi humwonyesha mwanagenzi namna ya kusikiliza injini kabla ya kuifungua. Mwalimu hushika darasa la mwenzake aliyefiwa. Hayo hayamo kwenye mkataba wa yeyote, na mtu akiyaacha hakuna atakayemwandikia barua ya onyo. Hufanywa kwa hiari, na hiari isiyotambuliwa hupungua kimyakimya hadi siku unayoihitaji ukaikosa.

Mwaka 2010 watafiti wawili waliokuwa wakifanya kazi Marekani, Adam Grant na Francesca Gino, walichapisha majaribio kuhusu jambo hili. Katika jaribio moja, wafanyakazi waliokuwa wakipiga simu kuchangisha fedha za chuo kikuu waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilitembelewa na mkurugenzi, akalishukuru kwa maneno machache, akaenda zake. La pili liliachwa liendelee kama kawaida. Wiki iliyofuata, idadi ya simu zilizopigwa na walioshukuriwa ilipanda kwa zaidi ya nusu, na ya wenzao haikubadilika. Katika jaribio jingine, watu waliombwa wamsaidie mwanafunzi kurekebisha barua ya kuomba kazi. Alipowajibu kwa shukrani, 66 kati ya kila 100 walikubali kumsaidia tena. Alipowajibu kwamba ameipata barua, basi, waliokubali walikuwa 32. Kilicholeta tofauti haikuwa kwamba mtu alijiona hodari zaidi, bali kwamba alijiona ana thamani mbele ya mwenzake.

Nawashukuru kila Ijumaa kwenye mkutano, lakini nyuso ni zilezile. Mbona haifiki?

Hili ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote, na ndilo ninalolipenda zaidi, kwa sababu anayeliuliza ameshaona kwamba kusema na kusikika ni mambo mawili. Shukrani hupimwa na anayeipokea. Wewe unaisikia nia yako, lakini yeye hana njia ya kuisikia nia. Anasikia maneno, anaangalia wakati, anaangalia macho yako, kisha anajiuliza kama kweli unajua alichofanya.

"Asanteni timu, kazi nzuri" huwaendea watu ishirini, na huenda kazi ilibebwa na watano. Hao watano wanajua, na kumi na watano waliobaki pia wanajua. Ukiwashukuru wote kwa kipimo kimoja, umewaambia waliojitoa kwamba hukuona kitu.

Linganisha na maneno haya ya muuguzi msimamizi kwa mwenzake wa zamu ya usiku, katika wodi ya wazazi Kisumu: "Sista, jana uliona presha ya yule mama inashuka ukamwita daktari papo hapo, hukungoja raundi ya asubuhi. Najua ulikuwa peke yako na wodi imejaa. Mama yuko hai, na leo amemnyonyesha mtoto." Hamna hata neno asante humo, na bado aliyeambiwa hatasahau. Limetajwa tendo lenyewe, likatajwa lililomgharimu, yakatajwa yaliyotokana nalo. Wengi wetu hukumbuka la tatu tu: tunamweleza mtu jinsi sisi tulivyofaidika. Gharama yake, yaani usingizi aliokosa, nauli aliyotoa mfukoni, mtoto aliyemwacha kwa jirani, hatuitaji, na ndiyo inayomwonyesha kwamba umemwona.

Wakati nao una uzito wake. Kwenye mashamba ya maua ya Naivasha, wiki za kabla ya tarehe 14 Februari ndizo ngumu kuliko zote, kwa sababu soko la Ulaya linataka waridi kwa siku moja. Wakataji na wapakiaji hufika alfajiri na kuondoka usiku. Msimamizi anayesubiri mkutano wa Machi ili aseme ahsante anawaambia watu ambao uchovu umeshawatoka mwilini, na baadhi yao wameshamaliza kandarasi na kurudi kwao. Apite kwenye meza za kupakia usiku uleule, hata kwa dakika tano, simu ikiwa mfukoni.

Na tafadhali liondoe neno "lakini". "Asante kwa ripoti, lakini jedwali la tatu lina makosa" ni lawama iliyotanguliziwa adabu. Jedwali lirekebishwe saa nane, shukrani itolewe saa nne.

Mshahara umechelewa. Niwashukuru vipi kwa uvumilivu wao?

Usiwashukuru kwa uvumilivu. Mtu hushukuriwa kwa alichochagua, na mwenye kodi ya nyumba na karo ya shule hakuchagua kungoja. Ukanda huu wa magharibi unalijua jambo hili kwa uchungu: kuna wafanyakazi wa viwanda vya sukari waliokaa miezi na miezi bila malipo, huku wakisifiwa kwa moyo wao wa subira. Anayesifiwa subira naye anadai husikia kwamba deni lake limegeuzwa kuwa wema, na wema haudaiwi.

Sheria ya Ajira ya 2007 iko wazi: mshahara wa mwezi unastahili kulipwa mwisho wa mwezi, na wa kibarua wa siku mwisho wa siku hiyo. Basi anza na deni. Waite, waambie kiasi mnachodaiwa nyinyi wenye kampuni, tarehe ya kulipa, na nini kitafanyika tarehe hiyo ikipita. Kama huna tarehe, sema huna. Ukimaliza hapo, unaweza kumshukuru mtu kwa tendo mahususi: fundi aliyezima boila kwa wakati, karani aliyewapigia wateja simu. Deni bado lipo, lakini amejua kwamba hulitumii neno lako kulifunika.

Kuna na hii ya "Mungu atawalipa". Dua ni njema. Ikitoka kwa anayedaiwa mshahara, inamkwaza hata mcha Mungu.

Nikimshukuru mfanyakazi, si atadai nyongeza au alegee?

Hatalegea. Akidai nyongeza, jua kwamba hoja ya nyongeza ilikuwapo kabla hujafungua mdomo, nayo ijibiwe kwa haki yake.

Naweza kumshukuru bosi bila kuonekana najipendekeza?

Unaweza, na wakubwa wengi hawashukuriwi kabisa, kwa hiyo huwa wanakumbuka. Watu hutofautisha shukrani na kujipendekeza kwa dalili wanazoziona. Je, unasema maneno hayohayo bosi asipokuwepo? Je, umeyasema wiki ya kupandishwa vyeo au siku ya kawaida? Je, umemsifu yeye alivyo mkuu, au umetaja alichofanya kilivyokusaidia? "Madam, ile ruhusa uliyonipa Jumanne nimpeleke mzee kliniki imeniokoa, ameanza dawa" haina wa kuicheka.

Kinachotuzuia zaidi ni woga wa kuonekana vibaya, na woga huo umepimwa. Mwaka 2018 Amit Kumar na Nicholas Epley waliwaomba watu waandike barua za shukrani na wakisie zitapokelewaje, kisha wakawauliza waliozipokea. Waandishi walidhani wapokeaji wangeona haya kuliko walivyoona. Pia walikisia pungufu jinsi wenzao wangeshangaa na kufurahi. Tena waandishi walijisumbua sana na uteuzi wa maneno, ilhali wapokeaji waligusika zaidi na upendo uliomo.

Hadharani au faraghani?

Inategemea mtu, na njia ya kujua ni kumuuliza. Wako wanaofurahi jina lao likisomwa mbele ya wote. Wako ambao wakisifiwa mkutanini hukosa raha wiki nzima, kwa sababu wenzao huanza kuwatania "mtoto wa bosi". Kwa usiyemjua vizuri, anza faraghani. Kitu kimoja tu hakifai kufichwa: ikiwa kazi ya mtu ilisifiwa hadharani kwa jina la mwingine, basi marekebisho nayo yawe hadharani. Wazee walisema mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni.

Kazini kwetu wanaoshukuriwa ni wa kabila la bosi. Tunyamaze?

Nakuru ni mji wa watu wa kila kona ya nchi, na umeonja kinachotokea watu wakihesabiana kwa kabila. Kwa hiyo swali hili silichukulii kama udaku wa ofisini. Watu huhesabu. Hawaandiki popote, lakini mwisho wa mwaka kila mmoja anajua nani ametajwa na nani hajatajwa, na kwa lugha gani. Mara nyingi bosi mwenyewe hajui: anayezungumza naye lugha ya nyumbani ndiye anayemsikia zaidi, na kazi ya anayemsikia zaidi ndiyo anayoiona.

Wasimamizi huwa nawaomba jambo moja. Chukua daftari, kwa mwezi mmoja andika kila uliyemshukuru na kwa lipi. Mwisho wa mwezi weka orodha hiyo kando ya orodha ya wafanyakazi wote. Majina yasiyotokea ndiyo kazi yako ya mwezi ujao: nenda ukaangalie wanachofanya, usiende kubuni sifa.

Wewe mfanyakazi unaweza kumshukuru mwenzako wa kabila jingine mbele ya bosi, kwa tendo alilolifanya kweli. Hilo limefungua macho ya wakubwa kuliko malalamiko. Lakini ikiwa upendeleo umetoka kwenye maneno ukaingia kwenye vyeo, mafunzo au mshahara, hapo si suala la shukrani tena. Kifungu cha 5 cha Sheria ya Ajira kinakataza ubaguzi wa kikabila, na malalamiko yapelekwe kwa maandishi.

Kwetu hatusemi asante kila mara. Je, hatuna shukrani?

Mnayo. Utafiti uliochapishwa 2018 na Simeon Floyd na wenzake ulirekodi mazungumzo ya kawaida ya nyumbani na mitaani katika lugha nane za mabara matano. Mtu alipoomba kitu akapewa, neno la shukrani lilitokea kama mara moja katika kila mara ishirini. Watu walikuwa wakisaidiana bila kikomo na hawakuona haja ya kulisema. Ndivyo ilivyo kwenye boma lolote la Vihiga au Siaya: hakuna anayemshukuru dada yake kwa kupitisha chumvi.

Kazini si bomani, ingawa. Unayefanya naye kazi hakukua nawe, hajui kwamba kimya chako ni cha mtu aliyeridhika, na huenda kwao kimya humaanisha hasira. Lugha zetu zina njia nyingi za kulifikisha jambo hili. Anayempitia mwenzake akiwa ameinama juu ya kazi akamwambia "pole na kazi" ameshamtambua. Neno la shukrani la lugha ya mwenzako, kama erokamano, orio, kongoi, mbuya mono au ni wega, likitamkwa na asiyezaliwa nalo, hupokelewa kwa tabasamu hata likikosewa.

Vipi soja, mama wa usafi na anayetuchemshia chai?

Ukiona vyaelea, vimeundwa. Ofisi inayong'aa saa mbili asubuhi ilipigwa deki saa kumi na mbili, na aliyeipiga ameshaondoka kabla hujafika. Kazi yake ikifanywa vizuri haionekani, huonekana siku asipokuja. Ndiyo maana watu hawa hulaumiwa mara nyingi na kushukuriwa mara chache, wala si kwa ubaya wa mtu.

Siku hizi wengi wao wameajiriwa na kampuni ya kandarasi, si na hospitali, benki au chuo wanakofanyia kazi. Matokeo yake ni kwamba sherehe ya mwisho wa mwaka inapofanywa, wao ndio wanaopanga viti na kufagia baadaye, na majina yao hayamo kwenye orodha ya chakula. Nimeliona hili mahali pengi mno na linaniuma kila mara. Mwenye ofisi ana uwezo wa kulimaliza kwa simu moja kwa mpishi: ongeza sahani kumi. Ana uwezo pia wa kuwaandikia wenye kandarasi kwamba soja wa lango la nyuma, kwa jina lake, alimzuia mwizi wa betri usiku fulani. Barua hiyo ndiyo itakayomtetea kandarasi ikibadilishwa.

Jifunze majina yao. "We mama" si jina.

Bora maneno au pesa?

Haki kwanza, yaani mshahara, saa za ziada na likizo ya siku zisizopungua 21 kwa mwaka. Zawadi ni baada ya hapo, na isiitwe zawadi ikiwa ni haki. Mkulima wa chai anayepeleka majani kiwanda cha Mudete akipata bonasi mwezi wa kumi, amelipwa salio la mauzo ya chai yake. Ni pesa yake, na kiongozi yeyote anayeitangaza kama fadhila amekosea.

Ukitaka kutoa kitu, fahamu kodi. Sheria ilivyorekebishwa mwishoni mwa 2024, manufaa yasiyo fedha taslimu hayatozwi kodi yasipozidi shilingi 5,000 kwa mwezi, kutoka 3,000 za awali. Bonasi ya fedha hukatwa kama mshahara. Kwa hiyo kapu la unga, mafuta na sukari linamfikia mtu lote, na kwa mwenye familia hilo si jambo dogo. Litoe na neno lake, na utaje lilivyostahili. Kapu lililoachwa mlangoni pamoja na karatasi ya kutia sahihi hupokelewa kama mgao wa msaada.

Familia ya mgonjwa imeniletea kuku. Nipokee?

Swali la Kakamega hili, na linatia watu taabani kwelikweli, maana kumrudisha kuku aliyeletwa kwa moyo ni kumwaibisha aliyemleta. Lakini uko kazini, na wenye kuku si wagonjwa wote.

Sheria ya Hongo ya 2016 inamgusa anayetoa na anayepokea, katika ofisi za umma na za kibinafsi. Wengi hudhani kitu kikija baada ya huduma ni salama. La, sheria inahusu pia malipo ya baadaye kwa kazi iliyofanywa isivyostahili, kwa mfano kumpitisha mtu mbele ya foleni. Basi jiulize kama mgonjwa huyo alihudumiwa tofauti, au kama ajaye atahudumiwa tofauti kwa sababu ya kuku. Fedha usipokee hata kidogo, maana hapo ndipo "chai" inapoanzia. Cha kuliwa, mjulishe msimamizi siku hiyohiyo, kiandikwe, na kifuate kanuni za kituo chenu. Vituo vingine hukataa kila kitu, na huo ni uamuzi unaoeleweka. Waambie familia kwamba kilichowafaa wauguzi zaidi ni barua kwa msimamizi wa hospitali inayotaja zamu na siku, kwa sababu barua huingia kwenye faili.

Nikishukuriwa nijibu nini?

Tumezoea "si kitu" na "ni kazi tu". Ni unyenyekevu, lakini humrudishia mtu alichokuja nacho. "Asante, nimefurahi umeliona" inatosha. Kama ulisaidiwa, mtaje aliyekusaidia.

Hakuna anayenishukuru. Nifanye nini?

Kwanza angalia kama shukrani inakuja kwa sura nyingine. Fundi mkuu asiyesema neno lakini anakukabidhi gari la mteja wake mgumu kuliko wote amekuambia anakuamini. Wengine hawajui ulichofanya kwa sababu hukumwambia mtu. Toa taarifa fupi kila wiki, bila majigambo: nimemaliza hiki, kilikwama hapa, fulani alinisaidia. Pia anza wewe kuwashukuru wenzako, usingoje ianze juu.

Lakini kama unafanya kazi za watu watatu, saa zako za ziada hazilipwi, na unachotamani ni mtu aseme asante, nakusihi usikubali kulipwa kwa neno hilo. Kibarua aliyefanya kazi mfululizo mwezi mmoja au zaidi ana haki chini ya kifungu cha 37 cha Sheria ya Ajira ambazo wengi hawazidai. Shukrani ya kweli kwake ingekuwa mkataba.

Kibandiko cha viganja vilivyounganishwa kwenye kundi la WhatsApp kinatosha?

Kwa jambo dogo, ndiyo. Kwa aliyelala kazini ili kazi yako iishe, mpigie simu.

Mfanyakazi anaondoka. Tumshukuru vipi?

Keki na soda ni sawa. Cha muhimu zaidi ni karatasi mbili. Ya kwanza ni cheti cha utumishi, ambacho kifungu cha 51 cha Sheria ya Ajira kinamlazimu mwajiri kukitoa kwa yeyote aliyefanya kazi wiki nne mfululizo au zaidi. Kukinyima ni kosa. Kinaonyesha hasa tarehe za kuanza na kuacha kazi, aina ya kazi na mahali. Ya pili ni barua ya kueleza tabia na utendaji wake, na hii sheria haimlazimu mwajiri yeyote kuiandika. Kwa kuwa ni ya hiari, ndiyo inayobeba shukrani yako. Usiandike "ni mchapakazi na mwaminifu", kila barua inasema hivyo. Andika kwamba alisimamia stoo miaka mitatu na hesabu ikapatana kila robo ya mwaka, au kwamba aliwafunza wapokezi wapya wote. Weka namba ya simu utakayoipokea kweli mwajiri mpya akipiga. Itiwe sahihi na muhuri, na apewe mkononi kabla ya siku yake ya mwisho, kwa sababu wengi huanza kuomba kazi nyingine wakiwa bado kwenye notisi.